Mama Mdogo, mistari ya mdomo na sindano ya tochi

Kama wiki imekwenda vizuri, hongera. Kama imekwenda mrama, vua viatu, tafuta pa kuegemea, tuzungumze habari za uso. Si uso wa msanii wa kwenye televisheni, ni huo huo wako unaouosha kila asubuhi na kuulaumu kila jioni.

Leo nina kisa cha Mama Mdogo wangu. Nimemwomba ruhusa kabla ya kukiandika. Akaniambia, "Andika, wengine wapone. Ila jina langu na mtaa wangu viache nyumbani." Nimeviacha.

Ilikuwa Jumamosi, mimi nimejikalia zangu na dera, natafuna muhogo na pilipili, mara hodi. Mama Mdogo huyo, mkoba kwapani, miwani kichwani. Hata maji hajanywa, akanitwanga swali: "Mwanangu, niambie ukweli wa Mungu. Mimi nimezeeka?"

Jamani, kuna maswali hayana jibu. Ukisema ndiyo, umemtukana mzazi. Ukisema hapana, umemdanganya mzazi. Nikajifanya muhogo umenikwama.

Mama Mdogo ana miaka 52. Ni mwalimu wa shule ya msingi na mwanamke wa kujipenda, hata kanga zake za nyumbani zinapigwa pasi. Akatoa simu, akanionyesha picha aliyopigwa kwenye kikao cha sendofu ya binti yake. Akaikuza mpaka ukabaki mdomo mtupu. Palikuwa na mistari miwili inayotoka pembeni mwa pua ikishuka hadi pembe za mdomo, na mingine miwili inayotoka pembe za mdomo ikielekea kidevuni. "Unaona? Nimetiwa kwenye mabano," akasema. "Kama neno lisilo na umuhimu."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Sendofu ilikuwa imebakiza wiki 7. Baba wa mtoto, ambaye waliachana naye zamani, alikuwa anakuja, na haji peke yake. Anakuja na mkewe, mwanamama aliyenizidi mimi miaka minne tu. "Tutasimamishwa mbele wote watatu," Mama Mdogo akasema, "na kamera ya video inatumulika. Sigombei mwanamume, mwanangu, yule nilishamsamehe. Nataka tu watu wasidhani mimi ndiye bibi yake bibi harusi."

Hapo nikaweka muhogo chini.

Kumbe mwenzangu alishajipatia ufumbuzi. Kuna saluni aliiona mtandaoni, wanachoma sindano ya kujaza mikunjo, unaingia bibi unatoka binti. Ameshatuma kianzio, elfu 50. Kilichomleta kwangu haukuwa ushauri, bali kusindikizwa. Nikavaa viatu.

Saluni yenyewe siitaji jina. Kiyoyozi kipo, muziki upo, nywele za bandia zimening'inia ukutani rangi zote za upinde wa mvua. Dada aliyetupokea alikuwa na kope za kubandika na lugha tamu kama kashata. Akamwita Mama Mdogo "madam", mimi akaniita "bosi", akatupeleka nyuma ya pazia. Sindano zikatolewa kwenye friji, pembeni ya soda na mtindi wa mtu.

Nikauliza, "Humu ndani kuna nini?"

"Fila, bosi."

"Fila ya nini?"

"Ya kujaza."

"Imetengenezwa na nini?"

"Hii siyo ya hapa, bosi. Ni ya nje."

Nikaomba boksi. Limeandikwa herufi ambazo sizijui hata moja, na pale penye tarehe pamesuguliwa. Nikamwuliza amesomea wapi, akasema amefanya kozi. Kozi ya muda gani? Siku 2. Bei ni laki 3 na nusu kwa pande zote mbili, lakini kwa kuwa tumekuja wawili atatufikiria. Halafu akanigeukia mimi, akaniinua kidevu kwa kucha yake. "Na wewe bosi, yako imeshaanza. Ukiwahi sasa hivi, haiji kabisa."

Msomaji, mimi nina miaka 31. Nakuapia, dakika tano kabla ya hapo sikuwa na mstari wowote usoni. Nilipotazama kioo cha pale nikauona, tena umekaa vizuri kabisa, kama mpangaji wa siku nyingi. Ndivyo biashara hii inavyokwenda: kwanza unauziwa ugonjwa, halafu unauziwa dawa.

Mama Mdogo alishajilaza kwenye kiti cha kuoshea nywele, macho ameyafumba, midomo inachezacheza, nadhani alikuwa anasali. Dada wa watu akavuta sindano. Hapo hapo umeme ukakatika.

Giza. Muziki kimya. Tukasikia sauti ya yule dada, haina hata wasiwasi: "Usijali madam, nitatumia tochi ya simu."

Mama Mdogo akainuka kama aliyekalia sisimizi. "Nichomwe sindano ya uso kwa tochi? Hata kuku hachinjwi kwa tochi!" Akachukua mkoba, akachukua kanga yake, akatoka. Elfu 50 yetu ilibaki kule na mpaka leo haijarudi. Tumeisamehe. Nadhani ndiyo elfu 50 iliyotumika vizuri kuliko zote mwaka huu.

Jumatano iliyofuata tukaenda kwa daktari wa ngozi. Wapo, msomaji, usidhani daktari wa ngozi ni wa upele na mba tu. Kule KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Huyu wetu ni mwanamama mtaratibu, miwani imeshuka puani. Mimi nilitegemea aseme bei. Badala yake akaanza maswali, nusu saa nzima, wala hajagusa kitu.

Unatumia dawa gani kila siku? Mama Mdogo akasema ya presha, na Aspirin ndogo. Daktari akaandika. Aspirin inafanya damu ichelewe kuganda, mtu akichomwa sindano uso unaweza kuvilia damu. Yule dada wa saluni hakuuliza hilo. Umeshaacha kuona siku zako? Akajibu tangu miaka miwili. Daktari akaandika tena, akatufafanulia kwamba ngozi inasimama kwa sababu ya nyuzi zinazoitwa kolajeni, na mwanamke akikoma hedhi nyuzi hizo zinapungua kwa kasi, takriban asilimia 30 ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Unavuta sigara? La hasha. Umewahi kutumia mkorogo?

Kimya.

"Zamani kidogo," Mama Mdogo akasema, akitazama dirisha. Zamani kidogo ikawa miaka 6, krimu ya tyubu inayouzwa kama ya kung'arisha. Nyingi ya hizo zina steroidi kali, na steroidi ikipakwa miaka inaifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Ngozi nyembamba inakunjika haraka, tena ikichanwa au kuchomwa inapona kwa shida. Sikilizeni hapo, nyinyi wenzangu wa miaka 22 mnaopaka vitu vya kopo lisilo na jina. Mnajikopesha mikunjo ambayo mtailipa mkiwa na miaka 40.

Baada ya hapo akampa kioo cha mkononi. "Jitazame umekaa." Akajitazama. "Sasa lala chali, jitazame tena." Mama Mdogo akalala, akatoa sauti: "He! Imepungua!" Daktari akasema hilo ni jibu la nusu. Mstari unaobaki pale pale ukilala umo ndani ya ngozi yenyewe. Unaopotea ukilala unatokana na nyama za shavu kushuka. Wake ulipungua sana, lakini pembe za mdomo zilibaki zimeinama, na pale pembeni palikuwa na vidonda vidogo vyekundu ambavyo Mama Mdogo alikuwa akivipaka mafuta ya mgando miezi mingi akidhani ni homa.

"Fungua mdomo, mama."

Mama Mdogo akaweka kanga mdomoni. Nikashangaa. Nimeishi na mama huyu tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kufikiria kwa nini anacheka na mkono mdomoni. Nilidhani ni adabu ya kipwani.

Daktari akasubiri, hakumharakisha. Mwishowe kanga ikashuka. Magego ya chini hayapo, matatu kulia, mawili kushoto. Yameng'olewa moja moja kwa miaka 15. Kila jino lilipouma, kuziba kulikuwa ghali na kung'oa rahisi, na palikuwa na ada ya shule ya binti huyu huyu anayeolewa. Kwa hiyo akang'oa. "Si ya nyuma?" akasema kwa sauti ndogo. "Nani anaona?"

Daktari akatuambia neno ambalo nitakaa nalo. "Mama, uso ni kama hema. Ngozi ni turubai, meno na taya ni nguzo. Umetoa nguzo tano, halafu unataka nishone viraka kwenye turubai." Mtu akikosa magego, mfupa wa taya uliokuwa umeyashika huanza kuliwa, kidevu kinasogea karibu na pua, midomo inakosa pa kuegemea, pembe zinashuka. Mate yanatuama kwenye ile mikunjo, fangasi nao wanapata makazi, ndiyo maana ya vile vidonda. Ungejaza fila pale, ungekuwa umejaza shimo ambalo mchimbaji bado yumo ndani.

Akamwandikia dawa ya vidonda na barua ya kwenda kwa daktari wa meno. Hakuuza sindano hata moja. Akasema, "Ukimaliza kule, kama bado mistari inakusumbua, rudi tuongee. Ndipo nitajua nini kimebaki."

Basi bwana, mimi nikabaki na maswali yangu kama mwandishi wenu mwaminifu. Nikamkalia kooni nimwulize kila kitu kinachotangazwa mtaani. Akanipa kanuni moja: anza na kinachorudishika, halafu panda ngazi taratibu. Nyingine nimezisoma mwenyewe. Nakupangia kuanzia chini.

Ngazi ya kwanza ni krimu ya kukinga jua. Najua unasema hiyo ni ya Wazungu. Kule Australia watafiti waliwafuatilia watu 903 wa chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Matokeo yalitoka 2013: waliopaka kila siku ngozi yao ilizeeka kwa asilimia 24 chini ya wale waliopaka wanavyojisikia. Wengi wao walikuwa weupe, ni kweli, na rangi yetu ina kinga yake ya kuzaliwa. Lakini kinga si ukuta, na jua la Dar es Salaam halina undugu na mtu. Tafuta yenye namba 30 au zaidi. Kama unavuta sigara, acha. Moshi unakula kolajeni, na kule kuikusanya midomo kila unapovuta kunachora mistari ya wima juu ya mdomo.

Ngazi ya pili ni dawa za kupaka za jamii ya vitamini A, maarufu ni tretinoini. Hii ina ushahidi wa miaka mingi kwa mikunjo myembamba. Inapakwa usiku, kidogo sana, na inataka subira ya miezi 3 hadi 6. Ukiivamia kwa pupa inaunguza, na ngozi nyeusi ikiungua huacha madoa. Mjamzito haruhusiwi. Na haiinui nyama iliyoshuka, usije ukaidai miujiza.

Ngazi ya tatu, Botox. Hii si ya kujaza. Ni sumu ya bakteria iliyopunguzwa makali, inazuia ujumbe wa neva usifike kwenye msuli, msuli unapumzika. Daktari mmoja wa macho wa Canada, Jean Carruthers, na mumewe Alastair aliyekuwa daktari wa ngozi, ndio waliogundua inalainisha mikunjo, wakachapisha habari hiyo 1992. Marekani iliiruhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Inakaa miezi 3 hadi 4. Kwa paji la uso ni bingwa. Kwa mdomo, tahadhari. Mdomo unafanya kazi kila saa: unakula, unaongea, unabusu, unapuliza chai. Dozi ikizidi kidogo, tabasamu linakwenda upande na chai inamwagikia kifuani. Na ule mstari wa kutoka puani wala si kazi yake.

Ngazi ya nne, fila. Zinazotumika sana ni za asidi ya hayaluroni, kitu ambacho hata mwili wenyewe unacho. Zinakaa miezi 6 hadi 18 kutegemea aina na mahali. Uzuri wake ni kwamba zinarudishika: kuna dawa inaitwa hayaluronidezi, ikichomwa pale fila inayeyuka. Ubaya wake usiuchukulie mzaha. Mshipa mkubwa wa damu wa uso unapita karibu kabisa na ule mstari wa pua na mdomo. Fila ikiingia ndani ya mshipa, damu inaziba, ngozi inaweza kuoza, na ikisafiri kwenda jichoni mtu anaweza kupofuka moja kwa moja. Ni nadra, lakini si hadithi. Kwa hiyo swali si fila nzuri au mbaya. Swali ni nani ameshika sindano, na kama hayaluronidezi ipo kwenye kabati lake siku hiyo hiyo. Silikoni ya maji ya kuchoma usoni ikatae kabisa, hiyo haiyeyushwi na chochote. Na vile vikalamu vya kusukuma fila bila sindano vinavyouzwa mtandaoni, mamlaka ya dawa ya Marekani ilivikemea tangu Oktoba 2021. Usijichome mwenyewe chumbani.

Ngazi ya tano ni mashine za joto, za mawimbi ya redio na za ultrasaundi. Zinapasha joto chini ya ngozi ili itengeneze kolajeni mpya. Zinafaa hata ngozi nyeusi kwa sababu hazitafuti rangi, ila mabadiliko ni ya wastani na yanaonekana baada ya miezi 2 au 3. Ukiambiwa yanaonekana leo jioni, huo ni uvimbe. Leza ni habari nyingine. Leza nyingi zinafuata rangi, na sisi rangi tunayo. Zile kali za kuchuna ngozi zinaweza kukuachia uso wa madoadoa. Mtu mwenye kovu la kuvimba, lile linaloitwa keloidi, amwambie daktari mapema kabla mashine haijawashwa.

Ngazi ya sita ni nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi na kuvutwa juu. Nyingi zinayeyuka kama ndani ya miezi 6. Shavu linapanda, ndiyo, lakini kidogo, na halikai juu muda mrefu. Ngazi ya mwisho ni upasuaji wa kuvuta uso. Huo ndio unaoinua kwelikweli, unaweza kukaa miaka 10 na kuendelea, lakini ni kisu, ni dawa ya usingizi, ni wiki za kupona na ni kovu. Hata hivyo haufuti ile mistari myembamba ya juu ya mdomo.

Msomaji, nisingekuandikia haya yote kama ni suala la urembo tu. Mwaka 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa ripoti ya wateja wa saluni moja isiyo na leseni huko New Mexico walioambukizwa VVU kwa sindano za urembo wa uso, zile za kuchukua damu yako na kukurudishia usoni. Wakaguzi walikuta bomba za damu zisizo na jina na dawa za sindano kwenye friji moja na chakula. Nilipofika hapo niliukumbuka ule mtindi. Mwaka huo huo wa 2024 Marekani hiyo hiyo, watu 22 katika majimbo 11 waliugua baada ya kuchomwa Botox ya magendo au kuchomwa na wasio na ujuzi, wengine wakalazwa. Kama kule inatokea, sisi wa nyuma ya pazia tuna nini cha kutuokoa?

Kwa hiyo kabla hujafumba macho kwenye kiti cha mtu, uliza haya. Kwanza, mikunjo yangu inatokana na nini: ngozi, nyama iliyoshuka, msuli au meno? Asiyejua chanzo hawezi kujua dawa. Pili, wewe ni daktari aliyesajiliwa? Tanzania Bara madaktari wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, si siri ya mtu. Tatu, dawa hii inaitwaje, nionyeshe boksi lililofungwa, na imesajiliwa na TMDA? Nne, ikiharibika utafanya nini, saa hiyo hiyo, hapa hapa? Tano, itakaa muda gani na nitalipa mara ngapi? Maana laki 3 ya kila mwaka si laki 3. Akikasirika kwa maswali, beba mkoba. Mwenye kujua kazi yake hakasiriki.

Sasa turudi kwa Mama Mdogo. Daktari wa meno alimpima, akachukua vipimo vya ufizi, akamtengenezea meno ya bandia ya kuvua na kuvaa. Alikwenda mara nne. Siku za mwanzo aliyachukia, akasema anahisi kama ameng'ata kijiko cha mtu. Wiki ya pili akanipigia simu ananiambia amekula nyama choma, hadi mfupa. Vidonda vya pembeni vikakauka.

Sendofu ikafika. Nilikuwa meza ya tatu kutoka mbele, shingo nimeinyoosha kama twiga. MC akawaita wazazi. Baba akapanda, mkewe akapanda, amependeza, tusiseme uongo. Mama Mdogo akapanda na gauni la kijani na kilemba. MC akafanya utani wake kuhusu mama mkwe na mahari, ukumbi ukalipuka. Nikamwona Mama Mdogo mkono umeanza kupanda kuelekea mdomoni kwa mazoea ya miaka 15. Ukafika kifuani. Ukasita. Ukashuka. Akacheka kichwa nyuma, meno nje, mbele ya kamera, mbele ya kila mtu.

Nimeitazama ile video mara nyingi. Mistari ipo. Imepungua, pembe za mdomo zimepanda, lakini mabano yapo. Wiki iliyopita nilimwuliza kama atarudi kwa daktari wa ngozi kuangalia fila. Akasema bado anafikiria, akiamua ataamua, pesa ni zake na uso ni wake. Nami naona ni sawa. Tofauti ni kwamba sasa akienda atakuwa anajua anachokinunua.

Na mimi? Ule mstari wangu niliouziwa kwenye saluni niliutafuta wiki nzima, asubuhi na jioni. Upo, nikicheka. Nisipocheka hauonekani. Nimenunua krimu ya kukinga jua, na nimepanga siku ya kwenda kuziba jino langu moja la nyuma lililoanza kunisumbua tangu mwaka jana, ambalo nilikuwa nimepanga kuling'oa kwa sababu, nani anaona?

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Mpaka hapo, uoshe uso, upige mswaki, na ukisikia umeme umekatika, usikubali tochi.